Askari Bila Mahakama: Kongwa na Haki ya Wapigania Uhuru, 1964–1978

Kongwa iko kwenye ukingo wa mashariki wa uwanda wa juu wa kati, kilomita 80 hivi kutoka Dodoma mjini, pale Ugogo unapokutana na nchi ya Wakaguru. Kuanzia 1964 mji huo mdogo ulikaa na majeshi ya nchi tano pembeni mwake: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Historia yake huandikwa kama historia ya ukarimu, na ukarimu ulikuwepo kweli. Taifa maskini, lililokuwa bado linatafuta walimu na madaktari wa kutosha, liligawa ardhi yake na usalama wake kwa ajili ya uhuru wa wengine. Lipo hata hivyo swali ambalo masimulizi ya ukarimu huliruka. Wapigania uhuru wale walipokosana na makamanda wao, ni nani aliyewahukumu, na kwa sheria ipi? Ushahidi wa miaka ile unaonyesha kwamba Tanzania iliwapa wageni wake kambi, njia za kupitishia silaha, chakula na hata magereza, ila haikuwapa mahakama. Wala upungufu huo hauwezi kuelezwa kwa kutojua, maana nchi hiyohiyo, mwaka huohuo wa 1964, ilikuwa imemfikisha askari muasi mbele ya sheria na kuyakubali matokeo yasiyoipendeza.

Kipimo cha Colito na Tabora, 1964

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, kisha wakaingia mjini. Siku ya pili yake ikafuata batalioni ya pili, iliyokuwa katika kambi ya Kalewa, Tabora. Majina ya kambi hizo yalitokana na medani za vita, Colito ya Uhabeshi mwaka 1941 na Kalewa ya Burma mwaka 1944, ambako King's African Rifles walipigana. Jeshi hilo lilimrithisha askari Mwafrika nidhamu ya aina yake: Uingereza ilifuta viboko kwa askari wake wenyewe mwaka 1881, lakini katika KAR adhabu hiyo iliendelea hadi miaka ya 1940. Madai ya 1964 yalikuwa mawili. Askari walitaka mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka miwili, na mkuu wa jeshi bado alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas.

Tabora inastahili nafasi kubwa zaidi kuliko inayopewa kwa kawaida. Ilikuwa mbali na Ikulu, mbali na mawaziri waliokuwa wakihaha kusuluhisha, na ilikuwa na Kapteni Mrisho Sarakikya, mmoja wa maofisa wachache Waafrika wakati huo. Yeye ndiye aliyewatuliza askari na kuwaondoa Waingereza salama. Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza, walioombwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe kwa uchungu mkubwa, waliishambulia Colito alfajiri kwa helikopta, na Tabora ikapokonywa silaha bila mapigano. Sarakikya akateuliwa kuwa mkuu wa jeshi, na tarehe 1 Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa.

Jambo lenye uzito zaidi kwa hoja yetu ni lililotokea katikati ya tarehe hizo. Walioshitakiwa kuongoza maasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakasomewa mashitaka, ushahidi ukasikilizwa, na Mei 1964 hukumu ikatolewa. Sajenti Francis Hingo Ilogi, aliyeonekana kuwa kinara, alipata kifungo cha miaka 15. Wengine walipata kati ya miaka 5 na 10. Na wapo walioachiwa huru kwa sababu ushahidi haukutosha. Nyerere alisema waziwazi kuwa adhabu hizo ni nyepesi mno kwa watu walioitia nchi aibu na hatari kubwa kiasi kile. Alisema pia kuwa hataziongeza, kwa sababu kufanya hivyo kungekuwa kuvunja sheria ileile ambayo askari walishitakiwa kwa kuivunja. Kiongozi aliyekuwa amejificha kwa hofu ya bunduki hizohizo miezi minne kabla alikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi. Kwamba hakufanya hivyo ni moja ya mambo makubwa aliyoyatenda, na linasemwa mara chache mno.

Mwaka huohuo ulionyesha pia njia ya pili. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi zaidi ya 200 walikamatwa kwa kushukiwa kuwa walikuwa na mawasiliano na waasi, na wengi wakawekwa kizuizini chini ya Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962. Sheria hiyo ilimpa Rais mamlaka ya kumzuia mtu yeyote aliyeonekana kuhatarisha amani au usalama, na ilizuia amri hiyo isihojiwe mahakamani. Hivyo aliyeshika bunduki alipata wakili, mashahidi na nafasi ya kuachiwa, na aliyeshukiwa tu kuongea na mwenye bunduki hakupata hata shitaka. Kuanzia hapo serikali ilikuwa na milango miwili, wa mahakama na wa kizuizi, na ilijua tofauti yake. Kongwa ilipofunguliwa, wageni walielekezwa kwenye mlango wa pili.

Kutoka karanga hadi bunduki, 1947–1966

Serikali ya Kiingereza iliichagua Kongwa mwaka 1947 kuwa kitovu cha mpango wake mkubwa wa karanga. Yaliletwa matrekta, ikajengwa reli ya tawi, hospitali, nyumba za maofisa na shule ya watoto wa Kizungu. Udongo mwekundu wa Ugogo ukakauka na kuvunja majembe, mvua zikakosekana, na mapema 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Wagogo na Wakaguru walirudishiwa ardhi iliyochunwa miti, pamoja na magofu. Magofu hayo ndiyo yaliyofaa miaka kumi na mitatu baadaye. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa Mei 1963 na kuwekwa makao yake Dar es Salaam, ilihitaji mahali palipo mbali na mipaka ya adui, mbali na macho ya balozi za mji mkuu, na karibu na barabara. Waliotangulia ni vijana wa FRELIMO waliorudi kutoka mafunzoni Algeria, na Samora Machel akiwa miongoni mwa makamanda wao. Baadhi yao walitoka hapo kwenda kufyatua risasi za kwanza za vita vya Msumbiji, Septemba 1964. Wakafuata ANC waliofunzwa Usovieti na China, SWAPO, ZAPU na MPLA, kila chama na eneo lake, bendera yake na gwaride lake.

Katika sheria, askari hawa walikuwa watu wa ajabu. Askari wa JWTZ alikuwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, yenye kanuni za nidhamu zinazotaja makosa, adhabu, namna ya kuunda mahakama ya kijeshi na njia ya kukata rufaa. Askari wa nchi rafiki anayekuja kwa mazoezi huja na mkataba wa serikali mbili. Mpigania uhuru hakuwa na serikali ya kuweka saini mkataba, kwa hiyo kwa macho ya sheria za nchi alikaribia zaidi kuwa mkimbizi, na sheria ya kudhibiti wakimbizi iliyotungwa katikati ya miaka ya 1960 iliwapa maofisa uwezo wa kumwambia mahali pa kukaa na mahali pa kutokwenda. Ndani ya uzio alifungwa na kiapo cha chama chake. Kamanda wake ndiye aliyepokea malalamiko yake, ndiye aliyeyachunguza, na mara nyingi ndiye aliyelalamikiwa. Waswahili wanalo neno kwa hali hiyo: kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Tusisahau kwamba Watanzania walikuwa ndani ya mpangilio huu, si watazamaji wa mbali. Mahitaji ya kambi yalipitia Kamati ya Ukombozi na vyombo vya Tanzania, silaha zilikuwa chini ya uangalizi wa Tanzania, na ruhusa za kusafiri zilitolewa na Watanzania. Kamanda wa chama akisema fulani ni hatari, polisi wa Tanzania ndio waliomchukua na gereza la Tanzania ndilo lililompokea. Katika mnyororo huo hapakuwa na kituo hata kimoja ambapo mtu wa tatu, asiye na upande, alimuuliza mshitakiwa: unasemaje?

Lori la Morogoro, 1966–1967

Mgogoro wa mwanzo unaofahamika vizuri ulihusu kusubiri. Vijana wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, walitoka kwao wakiamini watarudi na bunduki baada ya miezi michache. Njia za kurudi zilikuwa zimefungwa: Msumbiji ilikuwa ya Mreno, Rhodesia ya walowezi, na Botswana haikuthubutu. Miezi ikawa miaka. Mtu aliyefunzwa Odessa kutega mabomu alijikuta akichota maji, akilima bustani na kupiga gwaride mbele ya kichaka kilekile kila asubuhi. Kutokana na uchovu huo yakakua maneno ya upendeleo wa kikabila, ya makamanda wanaokula vizuri, na ya viongozi walioko Dar es Salaam na Morogoro wasiojua kambi inanuka vipi.

Mwaka 1966 kundi la askari wenye asili ya Natal lilichukua lori la kambi bila ruhusa, likashika njia ya vumbi hadi Morogoro, yalipokuwa makao ya ANC, kudai kusikilizwa. Tulitazame tendo hili lenyewe. Kijeshi ni kosa: kuondoka kituoni bila ruhusa na kuchukua mali ya jeshi, na jeshi lolote duniani lingewashitaki. Lakini askari anayekusudia kutoroka haendeshi lori kuelekea makao makuu ya chama chake. Hawa walikuwa wanatafuta rufaa, na lori ndilo lililokuwa njia pekee ya kuifikia. Laiti Kongwa ingekuwa na chombo cha kupokea malalamiko nje ya mamlaka ya kamanda wa kambi, tendo hilo lingekuwa utovu wa nidhamu wa kawaida. Kwa kuwa hakikuwepo, likaitwa uasi, na watu waliokwenda kulalamika wakageuka watuhumiwa.

Waraka, kikao na ndege, 1967–1970

Kuanzia mwishoni mwa Julai 1967, kikosi cha ANC na ZAPU kilivuka Zambezi na kupigana Wankie, Rhodesia. Walipigana kwa ushujaa na hasara ilikuwa kubwa. Waliosalimika, akiwamo Chris Hani aliyewahi kuwa Kongwa, walikimbilia Botswana na kufungwa huko. Mwaka 1968 kundi la askari wa ANC lilitoroka kambi za Tanzania likaomba hifadhi Kenya, na huko likadai kuwa operesheni ya Wankie ilikuwa mbinu ya kuwapeleka wakosoaji wakafe. Dai hilo haliaminiki, kwa sababu miongoni mwa waliopelekwa walikuwemo makada walioaminiwa sana na viongozi. Ila mtu mzima hakubali uvumi wa namna hiyo bila sababu. Aliuamini kwa kuwa alikuwa amewaona wenzake wakiondolewa kambini usiku, bila kuambiwa wamekosa nini wala wamepelekwa wapi.

Hani alipotoka jela ya Botswana, yeye na wenzake sita waliandika waraka mapema 1969. Walilalamika kwamba uongozi umegeuka wa maofisini, kwamba waliorudi vitani hawakuulizwa lolote, na kwamba ndani ya jeshi zimeingia kesi za siri na adhabu za kikatili. Waligusa pia jambo la kisheria lililo zito: askari wamekula kiapo kinachowafunga, lakini viongozi wanaowahukumu hawakula kiapo hicho, hivyo sheria ni mbili katika jeshi moja. Jibu la kwanza la uongozi lilikuwa kuwaweka waandishi wenyewe mbele ya baraza la nidhamu na kuwasimamisha. Wapo waliotaka wauawe. Kilichowaokoa ni kwamba malalamiko yao yalikuwa yameenea mno, na Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, akaitisha mkutano wa mashauriano Morogoro kuanzia tarehe 25 Aprili 1969. Mkutano ulipitia upya muundo wa chama, na Hani na wenzake wakarudishwa.

SWAPO ilipita njia inayofanana. Mwaka 1968 vijana saba waliorudi kutoka mafunzo ya China waliandika kuwakosoa viongozi wao, wakihoji usalama wa operesheni na mwenendo wa makamanda, mmoja wao akishukiwa kuwa aliwahi kukamatwa na Makaburu na kurudishwa kama jasusi. Wale saba waliishia mikononi mwa vyombo vya Tanzania, wakazuiliwa bila kesi. Mwishoni mwa Desemba 1969 SWAPO nayo ilifanya mkutano mkuu, mjini Tanga. Morogoro na Tanga, ndani ya mwaka mmoja, zilifanya kazi ambayo mahakama ingeifanya kwa gharama ndogo zaidi: kusikiliza pande mbili na kutoa uamuzi. Lakini mkutano mkuu si mahakama. Unakaa pale wakubwa wanapoona wamezidiwa, na haurudi nyuma kumuuliza aliye gerezani kama alistahili kuwa huko.

Ni haki kusema hapa kwamba hofu ya majasusi haikuwa ya kubuni. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Lisbon na Pretoria walikuwa na watu wao ndani ya kambi, na kosa moja la kumwamini mtu lingeweza kugharimu kikosi kizima kwenye mto Zambezi. Anayeandika leo akiwa salama hana budi kulipima hilo kwa uzito wake. Hata hivyo hofu ya majasusi ndiyo sababu kubwa ya kutaka uchunguzi makini, si ya kuuacha. Pasipo utaratibu wa kuchuja ushahidi, jasusi halisi na mkosoaji mwaminifu hutiwa kapu moja, na jasusi ndiye anayefaidika, kwa kuwa hujificha kwa urahisi miongoni mwa wanaoonewa.

Mwaka huo wa 1969 ulileta pigo jingine. Serikali ya Tanzania iliwataka ANC wawaondoe wapiganaji wao Kongwa kwa muda mfupi sana, na mamia wakapelekwa Usovieti kwa ndege. Hewa ilikuwa nzito kwa tuhuma za njama ya kuipindua serikali, iliyohusishwa na Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni London. Jeshi zima likaadhibiwa, na hakuna askari hata mmoja aliyeambiwa kosa lake. Linganisha na yaliyowapata Watanzania walioshukiwa katika njama hiyohiyo. Juni 1970 watu saba, wakiwamo Bibi Titi Mohamed, Michael Kamaliza, Kanali William Chacha na Kapteni Eliya Chipaka, walipandishwa kizimbani mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Maofisa wa jeshi walishitakiwa bega kwa bega na raia, Mahakama Kuu, milango ikiwa wazi. Hukumu ya Februari 1971 iliwatenganisha mmoja mmoja: wanne walipatikana na hatia ya uhaini, wawili ya kuficha uhaini, na Luteni Alfred Milinga akaachiwa. Shahidi mkuu wa upande wa mashitaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC ya Afrika Kusini. Kumbe mpigania uhuru aliweza kusimama katika mahakama ya Tanzania, kula kiapo na kusadikiwa. Aliweza kuwa shahidi, ila akishitakiwa mlango ulifungwa.

Ndege kutoka Lusaka, 1976–1978

Kesi iliyoweka jambo hili wazi kabisa ilianzia Zambia. Baada ya mapinduzi ya Ureno ya Aprili 1974, maelfu ya vijana wa Namibia walivuka mpaka kujiunga na SWAPO. Waliikuta kambi isiyo na silaha wala chakula cha kutosha, na mkutano mkuu ambao kwa hesabu yao ulikuwa umepitiliza muda tangu ule wa Tanga. Wakaudai. Aprili 1976 SWAPO iliiomba Zambia iwakamate Andreas Shipanga, aliyekuwa mkuu wake wa habari, Solomon Mifima, na viongozi wengine tisa, wakiwamo wa umoja wa vijana. Askari wa kawaida zaidi ya elfu moja waliwekwa chini ya ulinzi wa jeshi la Zambia. SWAPO iliunda tume yake chini ya John Ya-Otto. Tume hiyo ilikiri upungufu wa viongozi katika mambo kadhaa, lakini wakosoaji hawakupata nafasi ya kujitetea mbele yake.

Zambia wakati huo ilikuwa na mahakama zilizokubali ombi la kumtaka mlinzi amlete mfungwa mbele ya jaji na aeleze sababu ya kumshikilia. Mawakili wa Shipanga waliwasilisha ombi hilo Lusaka, wakashindwa Mahakama Kuu, wakakata rufaa. Shauri likiwa bado mikononi mwa majaji wa juu, Julai 1976, Shipanga na wenzake kumi walipandishwa ndege hadi Tanzania. Hapo rufaa ikabaki bila mtu wa kumleta mahakamani. Walichaguliwa kuletwa Tanzania kwa sababu moja inayoeleweka: sheria ya 1962 ilikuwa imeziba njia ambayo Zambia ilikuwa bado wazi. Walikaa katika magereza ya Tanzania karibu miaka miwili, bila shitaka, hadi Mei 1978.

Kipindi hichohicho nchi yetu ilikuwa ikifanya jambo la kupigiwa mfano upande wa pili. Mwaka 1976 maofisa wa polisi na usalama waliwatesa watu Mwanza na Shinyanga katika upelelezi wa mauaji, na baadhi wakafa mikononi mwao. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa kuwajibika, pamoja na wakubwa wengine, na baadaye maofisa wahusika wakashitakiwa na kutiwa hatiani. Mwananchi wa Shinyanga aliyeteswa alipata haki hata baada ya kufa. Mgeni kutoka Namibia aliye hai, gerezani, hakupata.

Pingamizi

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la uhuru wa vyama vyenyewe. Lasema kwamba, kama Tanzania ingewahukumu askari wa ANC au SWAPO, ingekuwa inachagua nani aongoze Afrika Kusini na Namibia, na hilo lingekuwa ukoloni kwa jina jingine. Nyerere alijihadhari sana na jambo hilo, na alikuwa na haki ya kujihadhari. Lakini hoja hiyo ingesimama tu kama Tanzania ingekaa kando kabisa. Nchi inayotoa polisi, pingu na chumba cha gereza imekwisha kuchukua upande wa yule aliyeomba mtu afungwe. Kutoingilia kungekuwa kukataa kumfunga asiyeshitakiwa. Ilikuwepo pia njia ya kati ambayo haikujaribiwa: baraza la Kamati ya Ukombozi yenyewe, lenye maofisa na wanasheria kutoka nchi zisizohusika na mgogoro, la kusikiliza kesi za kambini kabla gereza halijafunguliwa. Kamati ilikuwa na wataalamu wa kijeshi wa kukagua vikosi na kugawa silaha. Kukagua haki kusingekuwa mzigo mkubwa zaidi.

Wengine hutaja yaliyofuata. Shipanga alianzisha chama kingine mwaka 1978, akarudi Namibia, na 1985 akashiriki serikali ya mpito iliyowekwa na Pretoria. Wanauliza, je, hilo halithibitishi kuwa alikuwa msaliti tangu mwanzo? Halithibitishi. Tendo la 1985 haliwezi kuwa ushahidi wa kumfunga mtu mwaka 1976, kama vile uaminifu wa baadaye wa Hani haukuwa ushahidi wa kumwachia 1969. Laiti wale waliotaka Hani auawe wangesikilizwa, harakati zingempoteza mtu aliyekuja kuwa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe na mmoja wa viongozi waliopendwa mno Afrika Kusini hadi alipouawa Aprili 1993. Kosa la upande mmoja na kosa la upande wa pili hutokana na kukosa chombo kimoja.

Mzigo uliobebwa Angola, 1979–1993

Vita viliposogea kusini, kambi zilihamia Angola, na utaratibu wa Kongwa ukahama nazo. Huko hapakuwa na Morogoro ya kukimbilia kwa lori. Mwaka 1984 askari wa ANC waliasi Viana na Pango wakidai kupelekwa nyumbani kupigana na kuitishwa mkutano mkuu, madai yaleyale ya Kongwa ya 1966. Baada ya Pango saba walipigwa risasi, na wengine wakafungwa miaka katika kambi iliyoitwa Quatro. SWAPO ilichimba mahandaki Lubango, ikawatia humo mamia ya wanachama wake kwa tuhuma za ujasusi. Kundi la wafungwa 153 lilirudi Namibia Julai 1989 likiwa na makovu ya kuonyesha. Sisemi kwamba Tanzania iliyajenga mahandaki hayo. Nasema viongozi walioyajenga walikuwa wamejifunza, kwa zaidi ya miaka kumi katika ardhi iliyokuwa huru, kwamba kumfunga askari wako kwa neno lako tu ni jambo ambalo Afrika huru haitaliuliza.

ANC hatimaye ilijiuliza yenyewe. Tume ya Skweyiya ya 1992 na ya Motsuenyane ya 1993 zilisikiliza waliofungwa, na Nelson Mandela akakubali wajibu wa chama chake kwa pamoja. Namibia haijafanya hivyo hadi leo, na familia za waliopotea Lubango bado zinadai majina. Kwa upande wetu, Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilirekebishwa mwaka 1985 ili kuwapa waliozuiliwa haki kidogo zaidi. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyofanya kazi 1991 hadi 1992, iliiweka kwenye orodha ya sheria 40 zinazostahili kufutwa au kurekebishwa, na imebaki katika vitabu vya sheria.

Kongwa sasa ni sehemu ya urithi wa ukombozi wa Afrika, na makaburi ya wapigania uhuru waliofia pale yanatunzwa. Kamati ya Ukombozi ilifungwa 1994 baada ya kazi yake kuisha, nayo Tanzania ilibaki na kumbukumbu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote ya mstari wa mbele. Miongoni mwa kumbukumbu hizo zitakuwemo hati za kizuizi, barua za makamanda kwa polisi na daftari za magereza za miaka ya 1966 hadi 1978. Zifunguliwe kwa watafiti na kwa familia za Namibia na Afrika Kusini, na makumbusho ya Kongwa yazionyeshe karibu na picha za Samora na Hani, pamoja na hukumu ya Mei 1964.